Seti ya kufugia viwavi wa hariri: mayai na vyano ni vizuri, ratiba ya kulisha haifai kwa Pemba

Nimefuga viwavi wa hariri mikupuo miwili hapa Wete kwa kutumia seti niliyoinunua kwa muuzaji mmoja wa bara, na kwa kuwa wenzangu wa kikundi cha mwani wamekwisha kuniuliza zaidi ya mara moja kama fedha yao itakwenda pazuri, nimeona niwaandikie wao na wengine tathmini kamili badala ya kumjibu kila mmoja njiani. Muuzaji sitamtaja. Ninachotaka kijadiliwe ni seti yenyewe, na zaidi ya yote ile kadi ya ratiba ya kulisha inayokuja ndani yake, kwa sababu katika ufugaji huu ratiba ya chakula ndiyo inayoamua kiwavi atafikia ukubwa gani, atachukua siku ngapi, na atakuachia uzi kiasi gani.

Ndani ya boksi nilikuta karatasi yenye mayai yapatayo 1,000, vyano sita vya plastiki vyenye matundu, nyavu mbili za kusafishia, kipimajoto kinachoonesha pia unyevu wa hewa, mfuko wa chokaa, viota vya plastiki vya kusokotea, na kadi ngumu iliyochapishwa ratiba ya siku 26. Bei inajumuisha ushauri wa simu mpaka siku ya kuvuna, pamoja na ahadi ya muuzaji kuvinunua kwa madaraja vifukofuko, yaani vile vifuko vya hariri ambavyo kiwavi hujisokotea. Miche ya mforosadi haimo, na hilo muuzaji analisema wazi kabla hujalipa, jambo ambalo nampongeza, maana kiwavi huyu anategemea jani la mforosadi, na asiye na miti hana cha kumlisha. Mimi nilikuwa nimeotesha pingili sitini mwaka mmoja kabla, nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa na mihogo. Vilevile nilishughulikia kwanza kibali cha kuingiza wadudu hai kisiwani, na ninamsihi kila atakayenunua afanye hivyo mapema, kwani mayai hayasubiri makaratasi.

Nianze na lililo jema, nalo ni mayai. Yalifika yamefungwa katika karatasi nyeusi, na maelekezo yalisema nisiifungue mpaka asubuhi ya siku iliyoandikwa juu yake. Hii ni mbinu ya kazi hasa: mayai yanapokaribia kuanguliwa huonesha kidoa cheusi, yakiwekwa gizani vile viwavi vilivyotangulia hungojea wenzao, na mwanga unapoingia wote hutoka kwa pamoja. Nilipoifungua baada ya alfajiri, hadi saa tatu karatasi ilikuwa imejaa viuzi vyeusi vinavyotambaa, na waliobaki bila kuanguliwa walikuwa wachache mno. Mtu anaweza kuona hili ni dogo, lakini ratiba yoyote ya kulisha inajengwa juu yake, kwa sababu viwavi waliozaliwa siku tofauti hawawezi kulishwa kwa saa moja. Pamoja na mayai kulikuwa na hati inayoeleza kwamba nondo waliotaga wamechunguzwa kwa hadubini. Desturi hiyo inatokana na kazi ya Louis Pasteur, ambaye mwaka 1865 alikwenda kusini mwa Ufaransa kuchunguza maradhi yaliyokuwa yakiangamiza viwavi wa hariri, na akaonesha kwamba vimelea vya ugonjwa uitwao pebrine hupita kutoka kwa nondo jike hadi kwenye mayai yake, hivyo dawa ni kumchunguza mama na kuyachoma mayai ya aliyeambukizwa. Muuzaji anayefanya hivyo mpaka leo anastahili kuaminiwa katika upande wa mbegu.

Vyano pia ni vizuri, vyepesi, vinaosheka, na vinapangika kwenye chanja. Miguu ya chanja niliisimamisha ndani ya vikopo vya maji ili chungu wasipande. Kwa hayo sina zaidi la kusema.

Sasa niingie kwenye kadi. Inaagiza milo miwili kwa siku, saa moja asubuhi na saa moja jioni, na mbele ya kila siku, kuanzia ya kwanza hadi ya 26, imeandikwa gramu za majani na ukubwa wa kuyakatakata. Siku nne kati ya hizo zimewekewa alama nyekundu yenye maneno “Usilishe, wamelala”. Ni kadi safi, inasomeka, na mtu asiyejua kitu anaiamini mara moja. Mimi niliiamini. Mkupuo wa kwanza niliuanza mwanzoni mwa Januari, kaskazi ikivuma, kipimajoto changu kikionesha nyuzijoto 31 mchana ndani ya chumba, na niliifuata kadi herufi kwa herufi.

Makosa mawili yalijitokeza, na la kwanza nililiona kwa macho ndani ya siku tatu. Jani la mforosadi lililokatwa vipande vidogo vya kuwalishia wachanga halina pa kujificha na joto. Nililoweka saa moja asubuhi lilikuwa limelegea saa nne, na ilipoadhiniwa adhuhuri lilikuwa limekauka kiasi cha kuvunjika nikiligusa kwa unyoya. Viwavi walikuwa juu yake, vichwa vimeinuliwa, wakipapasa hewa, wala hawali. Hawakuwa wameshiba. Kiwavi wa hariri hanywi maji, maji yake yote anayapata ndani ya jani, na jani changa lililo zima robo tatu yake ni maji. Likikauka, kwa kiwavi limekwisha kuwa takataka. Kwa hiyo ile milo miwili ya kadi, kwangu ilikuwa saa sita hivi za kula na saa kumi na nane za kungoja.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na nilichelewa kulielewa. Kadi inahesabu siku. Kiwavi hahesabu siku. Maisha yake ya kula yana hatua tano, na kati ya hatua moja na nyingine huacha chakula, hujishikiza kwenye jani kwa uzi mwembamba, hukaa bila kutikisika kwa muda wa siku moja hivi, kisha huvua ngozi na kuanza upya. Wafugaji huita hali hiyo usingizi. Hulala mara nne. Lakini usingizi huo huja kulingana na joto na chakula alichopata: penye joto hukua upesi na kulala mapema, penye baridi hukawia, na aliyekosa chakula hukawia hata penye joto. Kadi ya muuzaji, kwa ninavyoielewa, imeandikwa kwa mahali pa baridi ya milimani, ambako jani lililofunikwa hubaki bichi kutwa na usingizi wa kwanza huja siku ya nne. Kwangu wengi walilala siku ya tatu. Matokeo yake, siku ya tatu niliwarundikia majani waliolala, na siku ya nne, kadi iliponikataza kulisha, waliokwisha kuamka walikuwa na njaa juu ya kitanda kitupu.

Nilimpigia simu mshauri wa muuzaji. Ni kijana mwenye adabu na huwa anapokea, hilo ni la kumshukuru. Nikamwambia, “Kaka, hawa wangu wameamka, kadi inasema wamelala, nifanyeje?” Akanijibu, “Dada, fuata kadi tu, wataenda sawa.” Hawakwenda sawa. Jirani yangu, bibi wa makamo aliyekuja kuwatazama kwa shauku na ambaye hajapata kumfuga mdudu maishani mwake, ndiye aliyeniambia neno la kunifaa: “Mwanangu, mtoto aliyelala haamshwi kwa uji, na aliyeamka haambiwi angoje kalenda.”

Siku hiyo nilichukua kioo cha kukuzia nikamtazama kiwavi mmoja kwa muda mrefu, na naomba nieleze nilichokiona, kwa sababu hiki ndicho kinachopaswa kuandikwa kwenye kadi badala ya namba za siku. Anayekaribia kulala ngozi yake hukazika na kung'aa kama iliyopakwa mafuta, rangi yake hugeuka kuwa ya manjano kidogo, na huanza kuondoka kwenye jani ingawa jani ni bichi. Akishalala huinua kichwa na kifua, akatulia. Kichwa chake huonekana kidogo mno kwa mwili ule, na nyuma yake hujitokeza uvimbe wa rangi hafifu, ambao ndio kichwa kipya kinachojijenga nyuma ya cha zamani. Baadaye kile kichwa cheusi cha zamani husukumwa mbele na kudondoka kama kifuniko cha kalamu, ngozi hupasuka shingoni, na kiwavi hutoka ndani yake akitembea, akiiacha nyuma imekunjamana. Aliyetoka ana kichwa kikubwa cheupe na ngozi yenye makunyanzi. Mdomo wake bado ni laini. Ukimpa jani gumu wakati huo humdhuru, na ukimpa hata jani laini kabla wenzake hawajaamka, unamtanguliza: yeye atakuwa nusu siku mbele, usingizi ujao atakuwa siku nzima mbele, na mwisho chano kimoja kinakuwa na wanaosokota, wanaokula na waliolala, na hakuna saa ya chakula inayowafaa wote.

Kanuni basi ni hii: unaacha kulisha unapoona karibu wote wamelala, unanyunyiza chokaa nyembamba ili mabaki ya majani yakauke na kitanda kisiwe na unyevu, huwagusi, na unaanza tena kulisha wanapokuwa wameamka karibu wote, tisa katika kila kumi au zaidi, vichwa vyao vikianza kuingia rangi ya kahawia. Wale wa kwanza kuamka wanaweza kungoja saa kadhaa bila madhara makubwa. Nimeuandika utaratibu huo kwa maneno yasiyofika mia moja, na naamini ungetosha nyuma ya kadi ile.

Mkupuo wa kwanza ulimalizika kwa vifukofuko vyepesi, vya ukubwa tofautitofauti, vingine laini kama pamba iliyobanwa, na muuzaji alivipanga karibu vyote katika daraja la chini. Sikugombana naye, kwa kuwa daraja lilikuwa la haki. Ila nilijiuliza kama lawama ni ya ratiba au ni ya joto la Januari, na sikutaka kumsingizia mtu. Kwa hiyo mkupuo wa pili niliuanza Julai, kusi imetulia na chumba kina nyuzijoto 25 hadi 28, na walipofika hatua ya tatu nikavigawa vyano: vitatu niliviendesha kwa milo miwili ya kadi, vitatu kwa milo minne. Idadi ya viwavi ilikuwa sawa, majani yalikuwa ya miti ileile yaliyochumwa kwa wakati mmoja, na uzito wa majani kwa siku ulikuwa sawa kwa pande zote mbili. Kilichotofautiana ni mgawanyo tu.

Milo minne niliipanga kwa nyakati ambazo nyumba yetu inazijua bila saa ya ukutani: baada ya alfajiri, kabla ya adhuhuri, baada ya alasiri, na baada ya isha. Mlo wa isha ndio niliufanya mkubwa kuliko yote, karibu theluthi ya chakula cha siku, kwa sababu usiku ni mrefu, viwavi wanakula usiku vilevile, na hewa ya usiku haikaushi jani haraka. Mlo wa kabla ya adhuhuri niliufanya mdogo, wa kuliwa ukamalizika kabla ya jua kali. Ratiba hii haikunizuia kwenda shamba wala pwani. Ilinizuia kulala usingizi wa mchana, na hilo nimelikubali.

Tofauti ilionekana wakati wa usingizi wa nne. Vyano vya milo minne vililala ndani ya siku moja na kuamka pamoja, ilhali vya milo miwili vilikokotana kwa siku mbili na zaidi. Mwishoni, waliokula mara nne walipanda kwenye viota siku mbili kabla ya wenzao. Nilipima vifukofuko hamsini vya kila upande kwa mizani ya sonara anayenifahamu. Vya milo minne vilikuwa na wastani wa gramu 1.75 kila kimoja, vya milo miwili gramu 1.5. Nilipovikata na kumtoa bundo, yaani kiwavi aliyekwisha kugeuka ndani ya kifukofuko akingoja kuwa nondo, ganda la hariri lenyewe lilikuwa kama asilimia 20 ya uzito kwa vya kwanza na asilimia 17 kwa vya pili. Hii ni hesabu ya chumba kimoja na mkupuo mmoja, wala sidai zaidi ya hapo, lakini ni majani yaleyale kwa kilo zilezile, na kwangu ilitosha.

Nieleze kidogo kwa nini ratiba inaingia mpaka ndani ya uzi, kwani watu hudhani kiwavi akishakua amekua, na hariri itatoka tu. Kiwavi anapoanguliwa ana uzito wa karibu nusu miligramu, na kwa siku 25 hivi huongezeka mara 10,000 au karibu na hapo. Nondo atakayetoka baadaye hali kabisa, kwa hiyo kila kitu, mabawa, mayai na hariri, lazima kitokane na majani yaliyoliwa katika siku hizo chache. Katika hesabu hiyo hatua ya tano peke yake, ambayo ni wiki moja tu, inakula zaidi ya asilimia 80 ya majani yote. Ndipo tezi mbili za hariri, zilizojikunja ubavuni mwake, zinapovimba na kujaa. Sehemu ya nyuma ya tezi hutengeneza uzi wenyewe, sehemu ya kati hutengeneza gundi inayoufunika, na malighafi ya vyote viwili ni protini ya jani. Mlo uliokosekana hatua ya pili unaweza kufidiwa kwa kuchelewa siku moja. Mlo uliokosekana katikati ya hatua ya tano haurudi.

Na ubaya wake ni kwamba hasara hiyo hujificha. Kiwavi wa hatua ya tano ambaye amekwisha kupita siku chache za mwanzo, ukimnyima chakula hafi. Huamua kwamba msimu umekwisha, akaacha kutafuta majani, akasokota mapema kwa kile alichonacho. Nililiona hili mkupuo wa kwanza. Siku ya nne ya hatua ya tano nilikwenda maziko Chake Chake, nikaacha mlo wa asubuhi kama kadi inavyotaka, na nikarejea baada ya isha. Vyano viwili vilivyokuwa karibu na dirisha, ambako upepo ulikausha majani mapema zaidi, viwavi wake walikuwa ukingoni wakizungukazunguka. Nikawalisha usiku huo kwa wingi, nikadhani nimewahi. Siku mbili baadaye wengi wao walikuwa wamesokota, na vifukofuko vyao vilikuwa kama kokwa za zambarau, wakati wenzao wa chanja ya ndani walikuwa bado wanakula kwa nguvu, kiasi kwamba ukisimama mlangoni unasikia mchakacho wa taya zao kama mtu anayepekua makaratasi chumba cha pili.

Kuna upande mwingine ambao kadi haikuugusa na ambao haki inanilazimisha niutaje, ili mtu asidhani tiba ni kumwaga majani tu. Chakula kikizidi, mabaki hujirundika pamoja na kinyesi, kitanda huvuta joto na unyevu, na katika hewa yetu ya kisiwani yenye maji mengi huo ndio mwanzo wa ukungu mweupe na wa viwavi wanaolegea na kuoza wakiwa hai. Wachanga hupenda unyevu mwingi, asilimia 80 hadi 90. Wakubwa wanataka kiasi cha 70, na kipimo changu mara nyingi kilikuwa juu ya hapo hata Julai. Kwa hiyo katika hatua ya tano nilikuwa nikibadilisha kitanda kila siku. Unatandaza wavu juu yao, unaweka majani mabichi juu ya wavu, wao wanapanda, unanyanyua wavu na kumwaga kilichobaki chini. Nyavu za seti ni imara na matundu yake ni ya kipimo sahihi, ila mbili hazitoshi vyano sita. Niliongeza kipande cha wavu wa dagaa kilichochakaa, nikakifua kwanza.

Majani yenyewe nayo yana ratiba yake. Yachumwe asubuhi umande ukishakauka, au jioni jua likishapoa. Yale ya mchana yamekwisha kupoteza maji kabla hayajafika chanoni, na yaliyolowa umande au mvua huleta kuharisha. Nilikuwa nikichuma mara mbili na kuyahifadhi ndani ya gunia lililoloweshwa na kukamuliwa, nikaliweka sakafuni penye kivuli. Wachanga walipata majani laini ya ncha, wakubwa walipata yaliyokomaa ya chini. Kwa viwavi 1,000 jumla nilitumia kama kilo 30 za majani, na zaidi ya kilo 24 kati ya hizo ziliondoka katika wiki ya mwisho. Mwenye miti michache aipige hesabu hiyo kabla ya kuagiza mayai.

Kasoro moja zaidi ya kadi siwezi kuiacha, ingawa si ya ratiba. Imeandikwa kwamba mfugaji anaweza kufunika chanja kwa chandarua ili kuzuia nzi. Vyandarua vya majumbani mwetu vina dawa, kuta za nyumba nyingi zimepata kupuliziwa dawa katika mapambano dhidi ya malaria, na dawa ya mbu ya kuchoma inawashwa karibu kila jioni. Dawa inayomuua mbu haimbagui kiwavi wa hariri. Nilipoteza chano kizima cha wachanga kwa moshi wa dawa ya mbu uliopitia dirishani kutoka barazani, na walikufa wakijinyonganyonga na kutapika maji ya kijani. Muuzaji anayeleta seti hii visiwani anapaswa kuliandika onyo hilo kwa herufi kubwa.

Kuhusu kuvuna na kuuza nitasema kwa ufupi. Viota vya kusokotea vinafaa, japokuwa trei za mayai ya kuku nilizozijaribu kwa waliozidi zilifanya kazi hiyohiyo. Viwavi walioiva hutambulika kwa kuacha kula, mwili kupungua na kuwa kama unapitisha mwanga. Husokota kwa siku mbili hadi tatu, na nilivuna siku ya tano bundo akishakuwa mgumu. Muuzaji alivipokea vifukofuko, akavipima mbele yangu kwa picha ya video, na akalipa ndani ya wiki. Mkupuo wa pili vya milo minne viliingia daraja la juu. Mtu asitarajie utajiri: inahitajika kama kilo 7 hadi 8 za vifukofuko vibichi vizuri kupata kilo moja ya uzi mbichi, na mikupuo ya viwavi 1,000 kama yangu hutoa chini ya kilo mbili za vifukofuko. Lakini kila kifukofuko ni uzi mmoja usiokatika, wa mamia ya mita na wakati mwingine kupita kilomita, na wingi wa majani aliyoyawahi yakiwa mabichi unaonekana katika urefu wa uzi huo.

Kwa hiyo jibu langu kwa wenzangu wa kikundi ni kwamba seti inunuliwe, kwa sababu mbegu ni safi, vifaa ni imara, na mnunuzi wa vifukofuko ni mwaminifu. Asiinunue ambaye miti yake ya mforosadi haijatimiza mwaka, wala ambaye nyumbani kwake hakuna mtu kati ya adhuhuri na alasiri. Na kadi isifuatwe. Nimemwandikia muuzaji barua ndefu yenye vipimo vyangu vyote, nikamwomba achapishe ratiba nyingine kwa wanunuzi wa pwani, isiyotaja siku ya ngapi bali itaje dalili za kulala na za kuamka, yenye milo minne wakati wa joto na isiyopungua mitatu wakati wa kusi. Amenijibu kwa heshima kwamba amelipokea na atalifikiria.

Mayai ya mkupuo wa tatu nimeyaagiza yafike Juni, masika ikishapita. Kadi ya muuzaji nimeigeuza upande wa nyuma nikaibandika mlangoni mwa chumba cha chanja, na binti yangu amechora juu yake vichwa viwili vya kiwavi, kidogo cheusi chenye maneno “usimguse”, na kikubwa cheupe chenye maneno “ngojea wenzake”.